Marinda Yanataka Kitambaa Kingi

Mwanangu Rehema,

Sikuulizi hali, maana umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako, na nimekuona kwa macho yangu ukishuka kuelekea mtoni na kanga yako begani, ukitembea kama mtu ambaye kesho hana safari. Nimekaa kibarazani. Jua limeanza kuingia nyuma ya milima, moshi wa majiko umelala juu ya mabati ya mji mzima, na sauti za watu zinanifikia kama zinatoka chini ya maji. Nimeona niandike kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu maneno hunikimbia, unanijua.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kuchagua marafiki nimemwachia shangazi yako kule uendako. Atakuambia mpaka uchoke. Mimi nataka nikusimulie jinsi nilivyojifunza kukunja marinda. Mama yako alipenda kukihadithia kisa hicho huku akicheka, akikatisha katikati kwa sababu ya kicheko. Kwa hiyo wewe umesikia nusu yake, tena nusu ya kuchekesha.

Nilianza kushona kwa bahati tu. Nilikuwa kijana wa mashamba ya mkonge, na mkonge ulipoanza kufifia, wengi tukarudishwa majumbani. Mjomba wangu alikuwa fundi hapa hapa kibarazani. Akachoka na mji, akataka kurudi Kisanga kulima, akaniachia cherehani na kiti chake. Alikuwa amenifundisha kaptura, mashati na viraka. Marinda hakunifundisha. Alisema hayo ni mambo ya wanawake wa mjini, na Kilosa hakuna atakayekuja kuyauliza.

Miaka ile ilikuwa ya foleni, mama. Wewe hukuiona. Duka lilikuwa na rafu tupu, na muuzaji amekaa katikati yake akipunga nzi. Ikisikika kwamba kitambaa kimefika, watu waliacha majembe shambani na ugali jikoni. Mtu akikukabidhi kitambaa chake akuamini nacho ukikate, alikuwa anakukabidhi kitu ambacho hajui kama atakipata tena.

Basi asubuhi moja, ukungu haujapanda mlimani, akaja msichana kutoka Zombo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, miguu imelowa umande mpaka magotini. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, jina lake Anjelina. Alifungua kanga aliyobeba kifuani, ndani yake kulikuwa na kitambaa cha kijani, kijani ya mpunga ukiwa mchanga. Kaka yake alikuwa amemletea kutoka Dar es Salaam. Nakumbuka nilikigusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu viganja vyangu bado vilikuwa na makovu ya mkonge na niliogopa kukikwaruza.

"Fundi, unajua kushona sketi ya marinda?" akaniuliza.

"Marinda ndiyo kazi yangu," nikajibu.

Mpaka leo sijui jibu lile lilitoka wapi. Labda lilitoka kwenye umande ule wa miguuni mwake. Nikachukua futi nimpime. Nilipofika nyongani nikaona haya, mikono ikaganda hewani. Akaichukua futi, akajizungushia mwenyewe, akanisomea kipimo kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Andika basi." Nikaandika. Akaondoka.

Nikakata kitambaa kwa kipimo kile kile cha nyonga, nikaongeza kidogo cha kushonea. Kilichobaki kilikuwa kingi, nikaona nimshangaze: nimkatie na blauzi. Nikakata mgongo, nikakata mikono, nikachonga shingo. Nilikuwa nikiimba. Halafu nikaanza kukunja marinda, moja likilala juu ya jingine, yote yakitazama upande mmoja kama manyoya ya bawa la ndege. Yalikuwa mazuri, Rehema! Nilisogea nyuma kuyatazama, ndipo nikaona kwamba sketi ile ingemtosha mtoto wa kutambaa.

Wewe kitu hiki umekijua ungali mdogo, ukakiona ni chepesi. Kila rinda lina sehemu moja inayoonekana, na chini yake sehemu mbili zimelala zimejificha. Nyonga ikipimwa, kitambaa kitafutwe mara tatu yake. Mimi nilikijua siku ile, nikiwa na mkasi mkononi na blauzi ambayo hakuna aliyeiomba.

Aliporudi nilimwekea vipande vyote mezani. Akainua kile chenye tundu la shingo, akachungulia upande wa pili.

"Hii ni nini?"

"Blauzi."

"Nilikuomba blauzi?"

"Hapana."

Akakaa kwenye benchi. Nilingoja anitukane, na nilitamani anitukane, maana ningejua pa kuweka mikono yangu. Aliwatazama kuku wakipita mbele yetu, wakienda, wakirudi.

"Fundi," akasema, "hujawahi kushona marinda."

"Sijawahi."

"Ungesema siku ile. Tungekaa hapa tukafikiri wote."

Kisha akavua kandambili zake, akapanda mkekani, akaanza kutandaza vipande. Ni yeye aliyeona njia. Sketi iwe na rinda moja pana mbele na moja nyuma, pande zibaki bila marinda. Na pale kitambaa kinapopungua, tufungue mikono ya blauzi tuunganishe ndani ya rinda, mshono ufichwe na mkunjo. Tulishinda siku nzima hapo. Mimi nilichora kwa chaki, yeye akakunja, mimi nikapiga bandi ili mikunjo isihame. Halafu akaomba pasi na kitambaa kilicholowa. Alikuwa amezoea kunyoosha nguo za kanisa, na hapo ndipo nilipoona pasi inavyotakiwa kutumika kwenye marinda: aliinua na kushusha, akauacha mvuke upande taratibu, akainua tena. Hakuiburuta hata mara moja. Mvuke ulipanda usoni mwake, nikamwona na sikumwona. Nadhani ndipo moyo wangu ulipoingia humo na haukutoka tena.

Jumapili iliyofuata aliivaa kanisani. Wiki haikuisha, kwaya nzima ikaja kibarazani. Kila aliyekuja nilimwambia kweli, kwamba mtindo ule umebuniwa na Anjelina, na kama anautaka amwombe ruhusa. Nilisema hivyo ili awe na sababu ya kutembea tena kutoka Zombo. Alijua. Alikuja.

Tulipooana tukaenda Mikumi kumwona shangazi yako, aliyekuwa ameolewa huko. Tulipanda lori la mahindi, mama yako amekaa juu ya magunia na sketi yake ya kijani, ameshika marinda kwa mikono miwili yasikunjamane. Ilikuwa mwisho wa masika. Nyasi zilikuwa ndefu mno, na upepo ukizipita ulikuwa unaziinamisha zote pamoja kisha unazisimamisha. Tulifika Mikumi jioni. Kando ya barabara kuu twiga walikuwa wamesimama mbali, hawali, hawaendi, kama watu waliosahau walichofuata. Malori ya Zambia yalikuwa yakipita na taa zao. Mama yako alisimama akatazama muda mrefu.

"Ningependa kuishi hapa," akasema. "Mahali watu wanapita. Tungeshona hapa, fundi."

Nikamwambia, "Kwetu ni Kilosa." Hivyo tu. Nilisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua inaingia, bila hata kuangalia kama kuna mtu alikuwa anatazama nje. Hakurudia tena maneno hayo maisha yake yote, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ameyasahau.

Wewe ukazaliwa. Ulilala chini ya meza hii, kwenye kapu la vipande, na mguu wa mama yako ndio uliokuwa ukikubembeleza huku mikono yake ikipiga pasi. Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa tena, vitambaa vya kila rangi vikaning'inia mpaka nje barazani, na mama yako alikuwa akivipitia kimoja kimoja akivigusa tu, kama mtu anayesalimia ndugu waliokuwa safarini. Tulifurahi. Tulidhani sasa ndiyo tutashona! Baada ya vitambaa yakaja marobota ya mitumba. Watu wakamwagiwa nguo chini kwenye turubai, wakachagua, wakavaa, wakaenda zao. Sikuwalaumu. Mtu mwenye watoto anapata koti kwa bei ya vifungo, kwa nini aje kwangu? Wateja wakapungua kama maji ya mto wakati wa kiangazi: unayaona leo, unayaona kesho, siku moja unavuka bila kukunja suruali.

Na katikati ya kiangazi hicho mama yako akaugua. Hilo ulikuwepo, sitaliandika. Nitaandika tu kwamba baada ya mazishi sikushona marinda tena. Mtu akiniletea nilimwambia macho yanauma. Nilipunguza suruali za mitumba, nilibadilisha zipu, nilikata mikono ya makoti. Ulikuwa ukiniangalia kila ulipotoka shule.

Halafu akaja yule mama wa Kimasai. Unakumbuka, lakini nataka ujue nilivyoiona mimi. Alitokea upande wa mnadani mchana wa jua kali, amemshika mkono binti yake Nashipai, na begani ana kitambaa cha bluu cha shule. Ulimwamkia, akakuitikia. Akakaa, akanyoosha miguu.

"Mtoto amerudishwa," akasema. "Mwalimu anasema hiki alichovaa si sketi ya shule. Nimenunua kitambaa. Nataka sketi moja imalize shule yote."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Mama, mtoto anakua. Sketi haikui."

Ndipo nikasikia sauti yako nyuma yangu. "Inaweza kukua, baba. Tukitumia kitambaa chote."

Nilikuambia usiingilie mambo ya wakubwa. Yule mama akaniangalia, akakuangalia wewe, akasema kwa utulivu, "Mwache mtoto aseme."

Ukasema. Marinda yawe ya kina kirefu, yafunikane, kiunoni yakae mazito. Nashipai akinenepa, mkanda unafunguliwa, marinda yanapunguzwa kina, sketi inapanuka. Pindo la chini liwe pana, lishushwe kadiri anavyorefuka. Mkanda wenyewe uachiwe mkia mrefu kwa ndani. Nikasema itakuwa nzito, mtoto atachekwa. Ukanijibu, "Atachekwa akiwa darasani, baba." Nikakusogezea mkasi, nikatoka nje kujifanya natafuta mkaa.

Kwa mbali nilikutazama. Ulimpima Nashipai ukimwachia ashike futi mwenyewe. Hakuna aliyekufundisha hilo, au pengine kuna aliyekufundisha. Ulipiga chaki, ukakunja, ukapiga bandi, na hukuing'oa bandi mpaka mkanda ulipokwisha kushonwa. Ulipochukua pasi ukainua na kushusha, nikaondoka kabisa, nikaenda mpaka relini, nikakaa juu ya chuma nikalia kwa sauti. Hapakuwa na treni wala mtu. Nyasi tu, na joto linacheza juu ya reli mpaka zikaonekana zinaelea.

Niliporudi, Nashipai alikuwa amevaa. Sketi ilikuwa nzito kweli, imemkaa kama kengele. Alizunguka mara moja, marinda yakafunguka yote, yakafunga. Mama yake hakusema ahsante. Alikushika kichwa kwa mikono yake miwili, akakitemea mate kidogo, baraka ya kwao, na wewe ukasimama pale bila kujifuta. Kesho yake nikaanza kushona marinda tena. Hukuniuliza macho yamepona lini.

Nashipai amekuja mara ngapi tangu hapo kuipanua? Mwaka huu amekuja peke yake, msichana mrefu kama mlango, amechaguliwa kwenda sekondari. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaniuliza, "Dada Rehema yupo?" Nikasema hata mimi naweza kuifungua. Akatabasamu kwa adabu. "Nitamsubiri dada."

Kwa hiyo shangazi yako alipoleta habari za kibaraza cha Mikumi, na nyumba za wageni zinazojengwa kule zinazotaka mapazia ya marinda, nilijua ni haki yako. Ndiyo maana nilikataa kwa ukali ule. Nilikuambia kule ni mahali pa kupita, si pa kukaa. Uliniitikia "Sawa, baba," ukaendelea kushona, na cherehani yako ikawa inalia nyumba nzima kama mvua isiyokatika.

Sasa nikuambie jambo. Nilipokwenda Mikumi kumwona shangazi yako kwa ajili ya mguu wake, mguu wake haukuwa na kitu. Nilikwenda kutafuta sababu ya kukukatalia. Nikalala kwake, nikaamka mapema, nikaenda kukaa kwenye kibaraza chenyewe. Nikaona vumbi, nikafurahi. Shangazi yako akaniletea chai.

"Vumbi hili litaharibu vitambaa," nikamwambia.

"Kaka, kwani Kilosa mnaishi mawinguni?"

Akaniacha. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Ng'ambo, kwa mbali, nilidhani naona vichaka, kisha vichaka vikaanza kutembea. Walikuwa tembo, wanapita polepole bila sauti yoyote, wakubwa wametangulia, wadogo katikati. Nikawatazama mpaka ukungu ukawameza. Na hapo ndipo nilipomsikia mama yako juu ya magunia, wazi kabisa, kama amekaa nami kwenye kibaraza kile: Tungeshona hapa, fundi. Nilikaa na chai yangu ikapoa. Nilifikiri juu ya miaka yote aliyonipigia pasi kule Kilosa akitabasamu, na jinsi ambavyo sikuwahi kumuuliza kwa nini, kila basi la Mikumi lilipopita, alikuwa anainua kichwa.

Basi likasimama. Abiria wakashuka kunywa chai. Mwanamke mmoja akaja mbio, ameshika sketi yake ubavuni, imefumuka kwenye mlango wa basi.

"Mzee, shikamoo. Hapa hakuna fundi?"

"Marahaba," nikasema. Nikasikia mdomo wangu unaendelea wenyewe: "Anakuja. Ni binti yangu. Mwezi ujao atakuwa hapa."

Nilimpa pini kutoka kwenye kola yangu. Akajibana, akacheka, akapanda basi lake. Nami nikarudi Kilosa, nikakuambia uanze kufunga mizigo, na wewe ukadhani shangazi yako ndiye aliyenishinda.

Sina mengi zaidi. Mtu akikuletea kitambaa usichokijua, mwambie hukijui, mkae wote mkifikirie. Usione aibu ya kufumua. Watakuja watu wa mjini na picha za mitindo kwenye magazeti, wengine watakudharau kwa sababu umetoka Kilosa. Wapime vizuri tu. Akija mwanaume anayesema anakupenda, mwangalie anapokusikiliza, hasa ukisema jambo ambalo hakulitarajia. Na siku ukitaka kurudi, rudi. Usitafute sababu kama nilivyotafuta mimi. Mlango huu hauulizi.

Nasikia unaongea na watu pale kisimani, kwa hiyo umeshafika karibu. Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa koti lako, uisome ukiwa umeshapita Zombo.

Usihofu juu yangu. Najua siku za mwanzo zitakuwa ngumu. Kesho kutwa asubuhi nitakaa hapa, uzi utanishinda kuingia kwenye sindano, na nitakuita unitungie kabla sijakumbuka. Majirani watanisikia. Nitalamba uzi, nijaribu tena.

Baba yako anayekupenda,
kibarazani, Kilosa